Kwa nini damu hatuitoi panapopiga

"Mwanangu, mbona hapa panapopiga mnapaacha?" Wateja wengi wa maabara yetu hapa Chake Chake hutuuliza hivyo, khasa wazee, wakituonesha kifundo cha mkono huku sisi tunapapasa kwenye kiwiko. Wana haki ya kuuliza. Panapopiga pana ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na sisi tunatafuta vena, mshipa unaoirudisha moyoni.

Anayetaka kuiona tofauti kwa macho yake amwambie muuza nyama amwachie moyo wa ng'ombe bila kuukata mishipa ya juu. Ataona kipande kinene, cheupe, ambacho ukikibana kwa vidole ukakiachia hurudi mviringo wake. Hiyo ni aota, ateri kubwa kuliko zote. Kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita 2.5. Pembeni yake kuna mshipa wenye ukuta mwembamba, umelala, mdomo umejifunga. Hiyo ni vena.

Aina zote mbili zina matabaka matatu. La ndani ni laini, linagusana na damu. La nje linaushikiza mshipa kwenye nyama ya jirani. Tofauti kubwa iko kwenye la kati, lenye misuli na nyuzi zinazovutika. Kwenye ateri tabaka hili ni nene: moyo ukisukuma, ukuta hutanuka, kisha hujirudi, na huko kujirudi ndiko kunakoendelea kuisogeza damu moyo unapopumzika. Kwenye vena ni jembamba, na njia ya ndani ni pana. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya damu yako muda huu imo kwenye vena.

Anayechinja anayajua haya bila kusoma. Damu inayoruka kwa mikupuo ni ya ateri. Ya vena hutiririka tu. Presha ya 120 kwa 80 tunayokuandikia ni ya ateri ya mkono. Kwenye vena ya mkono huo huo, ukiwa umekaa na mkono uko usawa wa moyo, kwa kawaida haifiki hata 20. Basi tukichoma vena, iliyo karibu na ngozi, tundu huziba upesi. Ateri imejificha chini zaidi, inauma, na ikitobolewa hutaka kukandamizwa kwa nguvu na kwa muda mrefu. Hospitali kubwa huichoma wakitaka kupima hewa iliyomo kwenye damu ya mgonjwa mahututi. Sisi hatuna kazi nayo.

Ule mpira tunaokufunga juu ya kiwiko unaitegemea tofauti hiyo hiyo. Unabana kiasi cha kuzuia vena, ila ateri inaushinda na kuendelea kuleta damu. Damu inaingia, haitoki, vena zinajaa. Hapo tazama vinundu vidogo kwenye mshipa: ndipo penye vali, vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma. Mwingereza William Harvey aliandika mwaka 1628 namna ya kuzijaribu kwa vidole tu. Bonyeza vena upande wa kiganja, kwa kidole cha pili isukume damu juu mpaka ipite kinundu. Kipande kilichobaki katikati kitalala tupu, na damu ya juu haitashuka kukijaza. Ateri hazina vilango hivyo njiani. Vipo tu pale zinapotokea kwenye moyo.

Na wale wanaosema ateri ni ya damu safi na vena ya damu chafu, wamekosea mahali pamoja. Mshipa unaotoka moyoni kwenda mapafuni ni ateri, na damu yake ina oksijeni kidogo. Njia hiyo aliieleza tabibu Ibn al-Nafis wa Damascus tangu karne ya 13.

Kwa hivyo ukija kupima sukari bila ya kula, kunywa maji ya kawaida, isipokuwa umefunga. Vena za mtu aliyekaukiwa hulala, nasi tutakutafuta mkono mzima. Tukishatoa damu, bana pamba mkono ukiwa umenyooka. Ukiukunja, tundu huvutika na mkono unavilia damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atwambie mapema, na abane zaidi.

Wanaouza sokoni wakisimama kutwa huja na mishipa iliyojikunja miguuni. Hizo ni vena ambazo vilango vyake vimelegea, damu inarudi chini na kuzitanua. Tembea kila baada ya muda, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma damu juu, na ukikaa inua miguu. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na moto, huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Usimwite mkandaji, kwani bonge likibanduka linaweza kwenda mapafuni. Wala usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.