Hisa za Olin: naomba tusubiri

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmeniuliza kama tununue Olin, kampuni ya Marekani ya kemikali na risasi, iliyoungana mwaka 2015 na kitengo cha klorini cha kampuni ya kemikali ya Dow. Naomba tusubiri. Klorini na kostiki soda (kemikali ya kutengenezea sabuni) hutoka pamoja, maji ya chumvi yakipitishwa umeme. Huwezi kuzalisha moja ukaiacha nyingine. Ujenzi ukidorora, mabomba ya PVC, plastiki inayotokana na klorini, hayauziki, na faida inayeyuka. Risasi za Winchester, chapa ya Olin, zilinunuliwa mno 2013 kwa hofu ya sheria za bunduki Marekani; hofu hiyo ilipoa baadaye. Mpango wa kuungana ulikuwa wa dola bilioni 5, na wenye hisa wa Dow walipata zaidi ya nusu ya kampuni. Gawio la senti 80 kwa mwaka linavutia, lakini hii ni michango yetu ya jasho. Jumapili tuanze kwa kuangalia deni la Olin. Mweka hazina, tafadhali njoo na salio la kikundi.