Nani Kawaambia Wanaotazama Ni Vijana wa Kiume Tu?

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi nina saluni hapa Majengo, Moshi, na tivii yangu inawaka toka asubuhi mpaka tunafunga, kwa hiyo nikiongelea watazamaji naongelea watu ninaowaona kila siku. Ni wadada wanaosuka, wamama walio kwenye draya, watoto wao waliotoka shule, na saa zingine baba anayemsubiri mkewe. Tunaangalia tamthilia za Kituruki zilizowekwa sauti za Kiswahili, muvi za ngumi, katuni, chochote kinachokuja.

Sasa juzi ikaja muvi ya vita ina shujaa mmoja wa kike. Wanaume wote wa kikosi wamevaa buti na makoti ya kuzuia risasi mpaka shingoni, yeye kaachwa tumbo nje, kifua nusu wazi na viatu virefu, na anakimbia juu ya mabati hivyohivyo. Dada niliyekuwa namsuka akauliza, "Sasa huyu akipigwa ya tumbo inakuwaje?" Hakuna aliyemjibu. Nikaanza kuifuatilia kamera. Mwanaume akiingia inaanza na uso, yeye akiingia inaanza miguuni, inapanda taratibu, usoni inafika mwisho kabisa, na muda wote huo hujui kama huyu mtu ana hasira au anaogopa. Aliyepiga ile picha alishaamua nani anaangalia, na sio sisi tuliokuwa pale.

Wenzetu wameshalisema hili zamani tu. Laura Mulvey, Mwingereza msomi wa filamu, aliandika mwaka 1975 kwamba sinema za Hollywood zinamvalisha kila mtazamaji macho ya mwanaume, mwanamke kazi yake kutazamwa. Kwenye gemu nako ni hivyohivyo, Lara Croft, yule shujaa wa kike wa gemu la Tomb Raider, alipotoka mwaka 1996 alikuwa na kaptula fupi na kifua kilichozidishwa makusudi, mwaka 2013 wakamtengeneza upya na suruali na mwili wa mtu wa kawaida na gemu likauza mamilioni ya nakala. Na huko Marekani chama cha watengeneza gemu wenyewe kinasema karibu nusu ya wanaocheza ni wanawake.

Hapa kwetu angalia makava ya muvi. Niliinunua moja ya Kibongo, stori nzuri kabisa ya mjane anayepigania kihamba (shamba la ukoo) alichoachiwa na mumewe, mashemeji wanataka kumtoa, yaani mambo tunayoyaona huku uchagani. Lakini kava lote kawekwa binti wa sketi fupi ambaye humo ndani anapita mara moja tu! Nikamuuliza muuzaji, akaniambia mama, vijana ndio wanunuzi. Jamani, utajuaje wengine hawanunui wakati hujawahi kuwawekea kitu? Unabandika bango la kuwaita wavulana, binti akipita kwenye banda la video anaona pale sio pake, haingii, halafu unasema mabinti hawapendi muvi za ngumi. Waje saluni kwangu waone mabinti wanavyopiga kelele mbaya shujaa wa kike akishinda.

Na hao wanaume wenyewe mnawachukuliaje? Mteja wangu mmoja anasema mumewe siku hizi muvi haziangalii sebuleni, zikianza zile picha anakohoa, anatoka nje eti anaenda kuangalia ng'ombe, maana kakaa na binti zake. Huyo naye ni mtazamaji, analipa king'amuzi kila mwezi, ila kwa watengenezaji mwanaume ni yule asiye na mtoto wala dada wala mama pembeni yake.

Sisemi Bodi ya Filamu ije na mkasi, wala sisemi wanawake wote wavalishwe madera. Mapenzi yawepo, mtu akipendeza apendeze, lakini kama ni askari mvalisheni uaskari, kama ni daktari tumuone akitibu.

Na nyie mhariri, naomba mniwie radhi, ukurasa wenu wa burudani naupenda ila mwanamuziki wa kiume mnamuweka ameshika maiki, wa kike mnamuweka amegeuka nyuma. Wateja wangu gazeti wanalisoma wakisubiri zamu. Tuwekeeni naye akiwa jukwaani anaimba, na mtuandikie wimbo unahusu nini.

Msusi, Majengo, Moshi