Mishipa ya limfu nayo iandikwe, sio ya damu peke yake

Mhariri, salamu kwako na wenzako wote. Nimesoma ukurasa wa afya mlipoandika kuhusu magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda, na kwa kweli nawashukuru, maana huku mtaani mtu akiharisha damu miezi na miezi anaambiwa ni amiba, mara taifodi, mara vidonda vya tumbo, anameza metronidazoli mpaka anachoka. Ila pale mwisho mliposema utumbo unaoumwa huotesha mishipa mipya na tiba ni kuizuia isiote, hapo mmetuacha njiapanda. Mdogo wangu anaumwa Crohn ndo maana hili nalifuatilia sana.

Kwa mishipa ya damu mko sawa. Utumbo ukivimba seli zake zinakosa oksijeni, zinatoa protini inaitwa VEGF-A, na hiyo ndo inaita mishipa mipya. Kidonda cha kawaida kikipona kazi hiyo inaisha, lakini kwenye magonjwa haya haiishi, mishipa inajengwa harakaharaka, kuta zake zinavuja, maji na protini vinatoka vinajaa kwenye nyama ya utumbo. Tena ndani ya mishipa ya utumbo uliovimba kunaongezeka kitu cha kunasia, MAdCAM-1, chembe nyeupe zikipita zinanasa hapo zinaingia kuongeza moto. Dawa ya vedolizumabu iliyoruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2014 inafanya kazi hapohapo, haiui mshipa, inazuia tu chembe zisinase.

Sasa yale maji yaliyovuja yanaenda wapi? Hapa ndo makala yenu ilinyamaza kabisa. Mishipa ya limfu ndo mitaro yake, inabeba maji, mafuta ya chakula na chembe za kinga kuvirudisha kwenye damu. Haikuanza kujulikana leo, daktari Gaspare Aselli aliiona kule Milan mwaka 1622 kwenye tumbo la mbwa aliyetoka kula, nyuzi nyeupe zimejaa mafuta. Kwa mgonjwa wa Crohn mishipa hii nayo inaongezeka, mingi tu, lakini mara nyingi imetanuka au imeziba na maji hayaendi. Kwa hiyo kuwa mingi sio kufanya kazi, na ukisema tu "mishipa imeongezeka, izuiwe" unaweza kuziba na mtaro uliobaki.

Na kuna ushahidi wa hilo, japo ni kwa panya sio watu. Mwaka 2014 watafiti waliwapa panya wenye uvimbe wa utumbo VEGF-C, ile protini inayootesha mishipa ya limfu, uvimbe ukapungua, na walipofunga kipokezi chake, yaani mlango wake kwenye seli unaoitwa VEGFR-3, hali ikawa mbaya zaidi. Yaani VEGF-A na VEGF-C ni ndugu wawili wa ukoo mmoja wa protini, wa kwanza anachochea na wa pili anasaidia kusafisha, mnawezaje kuwahukumu pamoja?

Kinachonitia hofu zaidi ni msomaji atakayeenda kutafuta dawa ya kukata mishipa. Bevacizumabu ipo, inazuia VEGF-A, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na moja ya maonyo yake makubwa ni kutoboka utumbo. Sasa fikiria mtu ambaye utumbo wake tayari una vidonda.

Naomba toleo lijalo mrekebishe hiyo sehemu, mumtafute daktari bingwa wa mfumo wa chakula aeleze mishipa yote miwili. Na kama nafasi itaruhusu aeleze pia kwa nini kipimo cha kamera na kukata kipande kidogo cha nyama ya utumbo kikapimwe ni muhimu kabla ya kuanza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, maana TB ya utumbo inafanana mno na Crohn, na ukimpa mwenye TB dawa za kushusha kinga bila kuitibu TB yenyewe inaweza kusambaa mwili mzima.

Msomaji wenu, Tanga