Gesi ya AC kwenye magari ya kizamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Gari langu ni la 1991, AC ilikufa, fundi mmoja hapa Kampala akajaza gesi tu bila hata kuangalia ndani kulikuwa na ya aina gani, wiki tatu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikakwama na hela yangu ndo ikaenda hivo. Kumbe gari za miaka ile zilitumia R12, ile iliyopigwa marufuku kwa kuharibu ozoni, zilizofuata zikaja na R134a. Kuzijua si kazi, fungua boneti uangalie valvu ya kujazia: ya R12 ina meno ya skrubu kwa nje, ya R134a ni nene na laini, mpira wa kujazia unabanwa tu. Na kubadilisha si gesi peke yake jamani, oili ya zamani haichanganyiki na R134a, kompresa inakauka, kwa hiyo itolewe iwekwe ya esta, yaani oili inayochanganyika na R134a, draya (kikopo cha kunyonya unyevu) mpya, oringi (vipete vya mpira vya kuziba maungio) mpya, hewa ivutwe yote kwa pampu, halafu gesi ijazwe kama asilimia 80 hadi 90 ya kipimo cha zamani. Eti wengine wanajaza gesi ya kupikia! Hiyo inawaka, mimi kwenye jam ya Jinja Road sikai humo.

Mwenye gari kuukuu,
Kampala