Kicho kwa Mungu huonekana pale ambapo jirani hawezi kutuona

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi Wakristo tunalitaja karibu kila siku bila kulichungua, yaani kumcha Mungu. Nimefundisha mafundisho ya ubatizo kwa miaka mingi, na kila ninapofika kwenye somo hili najikuta mbele ya makundi mawili. Kundi la kwanza likisikia neno hilo huona kiboko, huona Mungu anayemvizia mtu ateleze ili amwadhibu. Kundi la pili limechoka na picha hiyo, na kwa kuwa limefundishwa kwamba Mungu ni upendo, huona kicho kuwa ni mambo ya Agano la Kale ambayo Kristo ameyaondoa. Nayaheshimu makundi yote mawili, maana kila moja lina mstari wake wa Maandiko mkononi, lakini naamini yanakosea mahali pamoja: yote yanadhani kwamba kumcha Mungu ni kuogopa adhabu, isipokuwa la kwanza limeikubali hofu hiyo na la pili limeikataa.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kutusaidia kama tungeisikiliza. Tunayo maneno kuogopa na kuhofu, ambayo tunayatumia kwa simba, kwa giza na kwa magonjwa. Lakini tunacho pia kitenzi kifupi, kucha, ambacho siku hizi kimebaki karibu kwa Mungu peke yake, pamoja na maneno yaliyozaliwa nacho: kicho, uchaji, mcha Mungu. Hakuna anayesema kwamba anamcha nyoka. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya mistari hiyo, yirah, hubeba maana zote mbili kwa pamoja, woga wa mtu aliye mbele ya hatari na heshima kuu ya mtu aliye mbele ya utukufu, na ndiyo sababu mtafsiri hulazimika kuchagua kila anapokutana nalo. Mithali 1:7 inasema, “Kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa,” na naona waliochagua neno hilo hapo walichagua vema.

Mahali ambapo maana hizo mbili zinakutana waziwazi ni Kutoka sura ya 20. Mlima unafuka moshi, radi inapiga, sauti ya baragumu inasikika, na watu wanatetemeka na kwenda kusimama mbali. Katika mstari wa 20 Musa anawaambia wasiogope, na kabla hajamaliza sentensi hiyohiyo anasema kwamba Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao wasitende dhambi. Nilipokuwa mdogo niliona hayo kuwa ni kujipinga. Sasa naona kwamba Musa anatenganisha hofu mbili: ile inayompeleka mtu kusimama mbali na Mungu anaikataza, na ile inayomweka mtu mbali na dhambi anaitaka. Mtume Yohana naye, anaposema katika waraka wake wa kwanza kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu, hakuacha tubahatishe anazungumzia hofu ipi, kwa maana anaendelea papo hapo kusema kwamba “hofu ina adhabu”.

Walimu wa Kanisa waliliona hili zamani. Augustino wa Hippo, akihubiri juu ya waraka huohuo wa Yohana mwanzoni mwa karne ya 5, alitoa mfano wa wanawake wawili walioolewa. Ukiwauliza kama wanawaogopa waume zao, wote wawili watajibu ndiyo. Lakini mmoja anaogopa mumewe asije akarudi, na mwingine anaogopa mumewe asije akamwacha. Thomas wa Aquino katika karne ya 13 alitofautisha hofu ya mtumwa na hofu ya mwana, na Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 alianza maelezo ya kila amri kwa kusema kwamba yatupasa kumcha Mungu na kumpenda, bila kuyatenga mambo hayo mawili hata mara moja.

Lakini hoja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote ni ya Yesu mwenyewe. Nabii Isaya, katika sura ya 11, anasema kwamba Roho wa kumcha BWANA atakaa juu ya chipukizi la Yese, baba yake Daudi, ambalo sisi Wakristo tunaamini kuwa ni Yesu, na kwamba furaha yake itakuwa katika kumcha BWANA. Waraka kwa Waebrania 5:7 nao unasema kwamba aliomba kwa kilio na machozi, akasikilizwa kwa sababu ya uchaji wake. Basi kama yeye asiyekuwa na dhambi, ambaye hakuwa na kosa lolote la kuogopea hukumu, alimcha Baba na kuona furaha katika kumcha, kicho hakiwezi kuwa ni kuogopa kupigwa. Wala hakiwezi kuwa hatua ya wanafunzi wachanga, ambayo mtu huivuka akisha kuujua upendo.

Zaburi ya 130 inakwenda mbali zaidi, na nakiri kwamba mstari wake wa 4 ulinisumbua kwa muda mrefu: “Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe.” Mimi ningetarajia mtunzi aseme kwamba kwa Mungu kuna hukumu, kwa hiyo aogopwe, au kwamba kuna msamaha, kwa hiyo tusiogope tena. Yeye anasema msamaha ndio unaozaa kicho. Nilianza kumwelewa nilipomtazama Petro katika Luka sura ya 5. Yesu hajamkemea wala hajamtishia; amempa samaki wengi mpaka nyavu zinaanza kukatika. Hapo ndipo Petro anapoanguka magotini na kumwomba Bwana aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Wema asioustahili ulimwangusha chini kuliko ambavyo kemeo lingeweza kumwangusha, na jibu alilopewa ni “Usiogope”, pamoja na kazi mpya ya kufanya.

Kuhusu ibada nitasema machache, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yetu juu ya kicho huanzia na mara nyingi huishia hapohapo. Napenda utulivu kanisani, na huumia nikiona mtu anajibu ujumbe wa simu wakati Neno linasomwa. Hata hivyo Isaya 29:13 inatuonya kwamba watu wanaweza kumheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo yao ikiwa mbali naye, na kicho chao kikawa ni maagizo ya wanadamu waliyokaririshwa tu. Mavazi, magoti na ukimya vinaweza kufundishwa kwa mwezi mmoja. Mtihani wa kicho uko kwingine, na mimi nimeukuta katika mstari ambao sijausikia ukihubiriwa hata mara moja.

Ni Mambo ya Walawi 19:14. Mungu anakataza kumlaani kiziwi na kuweka kikwazo mbele ya kipofu, kisha anaongeza, “umche Mungu wako.” Kwa nini kicho kitajwe hapo? Kwa sababu kiziwi hasikii tusi, na kipofu hamwoni aliyeweka jiwe njiani. Aliyetendewa hawezi kushtaki, na aliyetenda anaweza kusimama kando na kuonyesha huruma kama wapita njia wengine. Agizo hilohilo la kumcha Mungu hurudiwa katika kitabu hicho mara tano kwa jumla: juu ya kipofu na kiziwi, juu ya mzee, juu ya anayepunjwa katika biashara, juu ya ndugu maskini anayetozwa riba, na juu ya mtumishi anayetawaliwa kwa ukali. Nehemia, aliyekuwa mtawala wa Yuda, alilielewa hivyo. Watawala waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha, na sheria ilimpa nafasi ileile. Yeye akaandika kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu.

Mstari huo wa Walawi unanihusu. Nilipokuwa kijana, bibi mmoja jirani yetu aliyekuwa amepofuka alizoea kuniita nimsomee barua za mwanawe aliyefanya kazi mbali. Siku moja ilikuja barua ya kurasa tatu, yenye mwandiko uliobanana, na wenzangu walikuwa wakinisubiri nje. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikauruka wa kati, nikamalizia na salamu. Bibi alikuwa ameketi, mikono mapajani, kichwa amekiinamisha upande wa sauti yangu. Aliuliza, “Mjukuu wangu, hajasema kitu juu ya mguu wake?” Nikajibu, “Hapana, bibi, hajasema.” Alikuwa amesema, sehemu kubwa ya ukurasa wa kati ilihusu mguu ule, jinsi ulivyopona na jinsi alivyorudi kazini. Bibi aliipokea barua, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani kwa vidole, akanishukuru na kunibariki.

Wakati huo nilikuwa mwanakwaya, na watu waliniita kijana mcha Mungu. Sikuwa na sababu ya kuogopa adhabu, kwa kuwa hakuna mtu ambaye angegundua. Kilichonikosesha usingizi si wazo la jicho kali linaloandika makosa. Ilikuwa ni kufahamu kwamba Mungu, ambaye nilikuwa nimemwomba msamaha asubuhi ileile na kuamini kwamba amenipa, alikuwa amekaa upande wa yule bibi nilipokuwa nikimdanganya.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji, mapadri na walimu wanaosoma gazeti hili ni kwamba, watakapofundisha juu ya kumcha BWANA kuwa chanzo cha maarifa, waufungue na mstari huu wa Walawi, wawaulize waumini ni nani maishani mwao asiyeweza kusikia au kuona wanachomtendea: mteja asiyejua kupima, mgonjwa asiyeelewa maandishi ya daktari, mtoto asiyeweza kusimulia, mfanyakazi asiyejua haki zake.

Wanafunzi wangu huniuliza kama nilirudi kwa yule bibi. Nilirudi baada ya siku mbili, nikamweleza nilichofanya, nikamwomba barua na kuisoma yote polepole. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akaniomba nirudie ukurasa wa kati.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa mafundisho ya ubatizo