Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: si kila anayekonda na kukohoa ana TB

Ndugu Mganga Mkuu, nakusalimu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Tanga. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, na kuna kijana mmoja hanitoki akilini. Alikuwa na VVU, dawa kaziacha karibu mwaka. Alirudi amekonda, homa haimwachi, anakohoa. Makohozi yakapimwa mara mbili, TB haikuonekana. Tukamwanzishia dozi ya TB hivyo hivyo, maana kwetu homa na kukonda vikikutana, jina ni hilo moja. Wiki ya tatu usoni pakamtoka vipele vyenye kishimo katikati, damu ikashuka, bandama ikavimba. Alifariki bila yeyote wetu kutamka neno fangasi.

Baadaye, kwenye semina, nikaoneshwa picha ya vipele vile vile: histoplasmosisi, ugonjwa unaoletwa na fangasi. Chakula cha mchana kilinishinda siku ile. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua, kwa kuwa hatukumpima. Lakini fangasi huyo huishi kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege na popo. Vumbi likivutwa na mtu ambaye kinga yake imeporomoka, fangasi hutoka mapafuni akaingia kwenye damu, akafika ini, bandama, uboho na ngozi. Kijana wetu alikuwa akiuza mbolea ya kuku. Kazi hiyo iliandikwa kwenye faili lake, mstari wa juu kabisa.

Ugonjwa huu si mgeni nchini. Utafiti wa Moshi uliochapishwa 2012 uliukuta kwa wagonjwa wa homa waliolazwa. Kipimo chake cha antijeni (chembe za fangasi huyo) kwenye mkojo kiliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vipimo muhimu mwaka 2019, na mwongozo wa matibabu ukatoka 2020.

Ninachoomba ni kipimo hicho kifike hospitali za wilaya, pamoja na dawa za fangasi, amfoterisini na itrakonazoli. Na wanaotoa dozi waambiwe kwamba rifampisini, dawa ya TB, hushusha sana nguvu ya itrakonazoli, kwani TB na fangasi huweza kumkuta mtu mmoja.

Kabla hayo hayajafika, toa waraka kwa CTC zote: mwenye VVU aliye kwenye dozi ya TB bila ushahidi wa maabara, asipopata nafuu, avuliwe shati, ngozi yake itazamwe, na aulizwe anafanya kazi gani.

Muuguzi mstaafu,
Tanga