Mtini wa Mizingani upewe udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niuombee Mtini wa Mizingani. Ukitoka Bustani ya Forodhani ukaifuata pwani, ukapita Beit al-Ajaib na Makumbusho ya Kasri, unaukuta kabla hujafika Zahanati Kongwe. Sisi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar tukiambiana "tukutane Mtini", hakuna anayeuliza mtini upi.

Mti huu ulipandwa na Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1911, mwaka ule ule aliokalia kiti. Mwaka 1936, ilipotimia miaka 25 ya utawala wake, Forodhani ikapata bustani ya kuadhimisha jubilei hiyo. Bustani ilipochakaa ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na kila jioni tunaona faida yake. Mtini umri wake unaipita bustani. Mafundi wa mashua wamefanya kazi chini yake miaka mingi, mbao zikirandwa na vyombo vikitiwa kalafati bila jua kuwachoma, na manahodha wanaopeleka wageni kisiwani Changuu wanajikinga hapo hapo. Katika picha za zamani zilizopigwa kutoka melini, mti unaonekana wazi katika safu ya mbele ya mji. Kwangu mimi huo ni urithi sawa na kuta za Ngome Kongwe.

Ninaloliogopa ni kwamba tunaujali kama jengo, tukidhani ukiachwa umesimama basi umehifadhiwa. Huu ni mtini wa Kihindi, na aina hii ina namna yake ya kuishi. Matawi yake hutambaa mbali kuliko shina linavyoweza kuyabeba, kwa hiyo huteremsha mizizi kutoka juu. Mzizi ukigusa udongo hunenepa mwaka hadi mwaka mpaka ukawa nguzo, na tawi likapata pa kuegemea. Sasa mzizi huo ukikatwa kwa sababu unawagusa wapita njia vichwani, au ukateremka ukakuta saruji, tawi linaendelea kurefuka na kuwa zito bila nguzo. Siku likikatika tutasema mti umezeeka na ni hatari kwa watu, na msumeno utaletwa. Kumbe kosa halikuwa la mti.

Mfano mzuri uko India kwenyewe. Katika bustani ya mimea ya Howrah, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Kolkata, upo mtini wa aina hii wenye zaidi ya miaka 250. Vimbunga vya mwaka 1864 na 1867 viliujeruhi, shina lake la asili likaingia kuvu, na mwaka 1925 likaondolewa. Mti wenyewe haukufa. Unasimama mpaka leo juu ya maelfu ya mizizi iliyogeuka nguzo, ukifunika karibu hekta 2. Umefika hapo kwa kuwa mizizi ilipata ardhi ya kuingia. Huko India watunzaji huipitisha mizizi michanga ndani ya mianzi iliyojazwa udongo ili ifike chini salama. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mkopo. Mianzi tunayo, na vijana wa kuifanya tunao.

Wapo watakaosema mji una matatizo makubwa zaidi, na Beit al-Ajaib iliyoporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili inatosha kutushughulisha. Nawaelewa, na nalilia jumba lile kama wao. Lakini jumba lina picha na vipimo. Fundi hodari akipata fedha atalijenga tena. Mti wa miaka zaidi ya 100 ukianguka, hakuna fundi wa kuurudisha. Watu wa Freetown, Sierra Leone, wanalijua hilo: 24 Mei 2023 dhoruba iliuangusha msufi wao mkuu, uliokadiriwa kuwa na miaka 400, mti ambao ndio ulikuwa alama ya mji.

Karibu zaidi na kwetu, Nairobi mwaka 2020, mugumo, mti wa jamii ya mtini, wa barabara ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Wananchi walipiga kelele, na Novemba mwaka huo ukatoka waraka rasmi wa Rais wa kuulinda, barabara ikaukwepa. Kelele peke yake zingesahauliwa. Kilichousimamisha mti ule ni waraka.

Ndiyo maana nawaomba Mamlaka ya Mji Mkongwe, Baraza la Manispaa na wahusika wa misitu wakae pamoja. Mtini uwekewe ulinzi wa maandishi kwa jina lake. Aletwe mtaalamu wa miti aupime, maana siku hizi kuna vifaa vya mawimbi ya sauti vinavyoonesha kama shina lina uwazi ndani bila kulichimba. Saruji yoyote iliyoukaribia shina iondolewe, udongo uachwe wazi, na mahali pa kuteremkia mizizi pazungushiwe kamba. Isichimbwe mifereji ya mabomba wala nyaya chini ya matawi yake. Mafundi na manahodha wahusishwe tangu kikao cha kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda chini ya mti huo mchana kutwa na watakuwa wa kwanza kuona tawi linalopasuka.

Ukaguzi ufanyike kabla ya masika, wakati matawi hayajalemewa na maji, na matokeo yake yatangazwe hapa gazetini ili sote tuyasome.

Mkaazi wa Malindi,
Unguja